Visahani Kumi na Viwili vya Mwingi

Hospitali ya Misheni,
Kilungu.
4 Februari 1977

Kwa Mzee Abdulkadir, Sonara, Mwingi.

Shikamoo Mzee.

Hunijui, lakini kazi yako naijua. Shangazi yangu Kalunde, aliyeolewa huko Mwingi, ana mkufu wa fedha uliokatika miaka miwili iliyopita, na wewe ndiye uliyemuunganishia. Krismasi alikuja nao nyumbani. Niliutazama kwa lenzi ya maabara nikitafuta palipokatika, na sikupaona. Ndiyo sababu nakuandikia wewe na sijaenda Nairobi kutafuta duka.

Naitwa Mbula Ndeti. Mimi ni fundi wa vipimo katika hospitali hii. Mwaka jana tulipewa mashine iliyotumika, inayopima umeme wa ubongo. Usishtuke Mzee. Kila mtu ana umeme kichwani, kidogo sana, hata betri ya tochi ni kama radi mbele yake. Mashine inauchukua, inaukuza, halafu kalamu nane zinauchora kwenye karatasi ndefu inayotembea. Nilifundishwa kuitumia kwa miezi saba, na huku kwetu sijasikia mashine ya pili.

Shida ni kwamba ilikuja bila vile vitu vya kubandika kichwani. Nimejaribu njia mbili. Ya kwanza ni sindano nyembamba zinazoingizwa chini ya ngozi. Zinachora vizuri, lakini mgonjwa anaumia, na mtu anayeumia anakunja uso, na misuli ya uso ina umeme wake unaofunika ule wa ubongo. Ya pili ni vitambaa vilivyolowekwa maji ya chumvi. Havimuumizi mtu, ila kwa joto hili vinakauka kabla sijamaliza kufunga cha mwisho. Njia ya tatu ndiyo bora, visahani vya fedha. Kuviagiza ng'ambo kunahitaji kibali, na nimeambiwa vitafika baada ya Desemba. Kamati ya hospitali inakutana tarehe 10 Juni. Kama mpaka siku hiyo sina karatasi zinazosomeka, mashine itapelekwa hospitali nyingine.

Nina mgonjwa anayenifanya nisilale vizuri. Anaitwa Syokau, mwalimu wa shule ya msingi, tulisoma pamoja. Mwaka jana alianguka mbele ya darasa mara mbili, akatetemeka, na wazazi wakaja kuwatoa watoto wao. Wengine wanasema ni mapepo, wengine wanasema anajifanya ili apewe likizo. Amesimamishwa kazi mpaka daktari aandike ni nini. Daktari wetu, Dokta Ndolo, anasema hawezi kuandika kitu ambacho hajakiona.

Nahitaji visahani sita vya kujaribu. Kila kimoja kiwe na upana wa kifungo cha shati, kiwe na shimo la ndani kama nusu ya punje ya maharagwe, na tundu dogo juu la kutilia dawa ya chumvi. Nimechora kwenye karatasi ya pili. Kama fedha ya kuyeyusha ni tabu kupata, baba ana sarafu za fedha za wakati wa mkoloni.

Wako kwa heshima,
Mbula Ndeti

*

Mwingi,
15 Februari 1977

Kwa binti yangu Mbula.

Marahaba. Barua yako nimeipata, na mchoro nimeutazama. Umechora vizuri ila umesahau unene. Nimeamua mwenyewe, unene wa ukucha. Kikiwa chembamba zaidi kitapinda ukikibana, na kikiwa kinene kitakuwa kizito, kitateleza kwenye kichwa chenye jasho.

Sarafu zako mwachie baba. Zile zina jina la fedha tu, ndani ni shaba na takataka nyingine. Wewe umeandika kwamba umeme unaoutafuta ni mdogo kuliko kitu chochote. Mimi si mtu wa umeme, lakini najua metali mbili zikikaa pamoja kwenye chumvi hazikai kwa amani. Bangili yenye shaba ukiivaa ukitoka jasho, mkono unageuka kijani. Nadhani na mashine yako itaona kijani chake.

Kwa hiyo nitatumia riale kuukuu, zile sarafu kubwa za fedha wanazoleta wafanyabiashara wa ng'ombe kutoka upande wa Garissa. Nazo zina shaba, lakini nitaitoa. Njia ni hii. Mifupa ya mbuzi inachomwa mpaka iwe majivu meupe, majivu yanafinyangwa kuwa kikombe, na fedha inayeyushwa humo pamoja na madini ya risasi. Risasi inaila shaba, kikombe kinainywa risasi, na mwisho inabaki tone la fedha peke yake. Linapokuwa safi linang'aa ghafla, kama jicho linalofunguka. Nitafanya hivyo mara mbili.

Waya nitaunga mimi mwenyewe kwa lehemu ya fedha, ili kisahani na kiungo viwe ndugu.

Nina swali. Umesema vinabandikwa kichwani. Wanawake wetu wana nywele nyingi, na wengine wamesuka. Unabandika wapi? Kama ni katikati ya mistari ya kusuka, ukingo wa kisahani nitaulaza usikwaruze ngozi.

Huyo mwalimu mpe salamu. Mwambie kuna watu Mwingi wanamfanyia kazi.

Abdulkadir, Sonara

*

Kilungu,
9 Machi 1977

Mzee wangu Abdulkadir, shikamoo.

Visahani sita vimefika salama kwa basi la Kitui, vikiwa kwenye kopo la majani ya chai. Niliwaita wauguzi waje kuviona kabla sijavigusa. Vilikuwa vinang'aa hadi nikaona haya kwa nilichotakiwa kufanya. Samahani Mzee, nimeviharibu rangi. Kila kimoja nimekiweka kwenye maji ya chumvi na kukiunga na upande wa chanya wa betri ya tochi mpaka kikawa na rangi ya kijivu iliyoelekea zambarau. Ile ngozi ya kijivu ndiyo inayoufanya mstari utulie. Usiniombee mabaya.

Na swali lako ni la mtu anayejua kazi. Huko nilikofundishwa hakuna aliyeniuliza habari za nywele. Ndiyo, nabandika kwenye njia za kusuka. Siku hizi namwomba mgonjwa aje amesukwa mistari minne ya kwenda nyuma, na mama mmoja wa hapa sokoni anaijua mistari yangu kuliko mimi. Ukingo ulioulaza haujamkwaruza mtu.

Sasa nikueleze. Nilifanya majaribio kwa watu watano, wote wafanyakazi wa hapa waliokubali. Kila mtu nilimpima kwa vitambaa, halafu kwa visahani vyako. Kwa sindano nilimpima Bwana Kiema wa jikoni peke yake, kwa sababu aliyefuata aliona uso wake akarudi zake. Nilitafuta kitu kimoja tu. Mtu akiwa macho wazi, mstari wa kisogoni unakuwa kama nyasi fupi. Akifumba macho akatulia, yanatokea mawimbi mazuri, kama kumi kwa sekunde. Huo ndio mtihani wangu. Chombo kisichoonyesha mawimbi hayo hakifai kwa mgonjwa.

Kwa vitambaa niliyaona kwa watu wawili, na baada ya dakika ishirini yalipotea. Kwa sindano niliona uchungu wa Bwana Kiema. Kwa visahani vyako niliyaona kwa wote watano, na saa nzima baadaye yalikuwa bado yapo. Bwana Kiema alifumba na kufumbua macho mara kumi, akisema, "Hebu tena, hebu tena," akitazama kalamu zikimtii. Alikata kipande cha karatasi akapeleka kwa mkewe.

Naomba sita vingine. Lakini siku zinakimbia, kwa hiyo vilete bila waya. Hapa nina chuma cha kulehemu, nitaunga mwenyewe.

Mbula

*

Kilungu,
2 Aprili 1977

Kwa Mzee Abdulkadir.

Naandika nikiwa na uchungu, na sitaficha.

Jana nilimpima Mwalimu Syokau kwa visahani vyote kumi na viwili. Alikuja kwa miguu kutoka ng'ambo ya kilima, amesuka kama nilivyomwomba, na mama yake akakaa nje ya mlango. Mistari yote ilitangatanga. Kalamu zilipanda mpaka ukingoni, zikakwama hapo, zikashuka kama mlevi. Nilibadilisha dawa ya chumvi, nikasugua ngozi upya, nikahamisha visahani. Saa mbili na nusu. Mwishoni Syokau aliniuliza, "Mbula, ni kichwa changu kibaya namna hiyo?"

Dokta Ndolo aliitazama karatasi, akaikunja, akasema, "Labda mashine waichukue tu."

Vya kwanza vilikuwa vizuri na hivi vya pili vimeharibu kila kitu. Naona ulichanganya fedha, au hukuisafisha mara mbili kama ulivyoahidi. Najua wewe ni mtu mzima, na huenda mkono umechoka na macho pia. Hakuna aibu katika hilo. Lakini ungeniambia, ningetafuta fundi mwingine mapema.

Mbula Ndeti

*

Mwingi,
11 Aprili 1977

Kwa Bi Mbula Ndeti.

Barua yako nimeisoma mara nne, na mara zote nne sikumsomea baba. Nimemwambia hakuna barua. Ni uongo wa kwanza kumwambia mwaka huu.

Jina langu ni Tima. Mimi ni binti wa Abdulkadir, nina miaka ishirini na mitano. Baba haoni. Jicho la kwanza lilianza kufifia mwaka 1973, na la pili likalifuata, na sasa anajua mchana na usiku tu. Mkufu wa shangazi yako niliuunganisha mimi. Riale za visahani vyako nilizisafisha mimi. Barua ya Februari niliiandika mimi, na pale nilipokuita "binti yangu" nilicheka peke yangu, kwa sababu nadhani wewe ni mkubwa kwangu. Nisamehe kwa hilo.

Tulikubaliana hivi, baba na mimi. Yeye anakaa mbele dukani, anapokea kazi, anaipima mkononi, anaongea na watu. Mimi nafanya kazi nyuma ya pazia. Watu wa hapa watamletea Abdulkadir dhahabu ya harusi bila wasiwasi, lakini mimi Tima wataniletea kijiko tu. Baba alisema, "Tungoje kidogo, watazoea." Tumengoja miaka minne.

Sasa tuje kwa fedha yako. Unasema sikuisafisha mara mbili. Ni kweli, vile vya pili nilivisafisha mara tatu. Tone la mwisho nilimpa baba alishike. Alilisugua kwa kidole gumba, akaliweka kwenye ulimi, akasema, "Hii hata mimi sikuwahi kuifikisha hapa." Baba si mtu wa kusifu. Maneno hayo nilikuwa nimeyaweka kama mtu anavyoweka kitu kwenye sanduku, mpaka barua yako ikaja kuyachafua.

Kwa hiyo usiniambie mkono umechoka. Mkono huu haujachoka.

Nimekaa nikafikiri kilichobadilika kati ya sita vya kwanza na sita vya pili. Fedha ni ileile. Kipimo ni kilekile. Kilichobadilika ni kiungo. Vya kwanza niliunga waya mimi, kwa lehemu ya fedha. Vya pili umeunga wewe. Kwa lehemu gani? Kama ni ile ya mafundi wa redio, ile ni risasi na bati. Nilikuandikia Februari kwamba metali mbili hazikai kwa amani kwenye chumvi. Angalia kama dawa yako imepenya kwenye tundu la juu ikagusa kiungo. Mimi si mtu wa umeme, lakini ningeanzia hapo.

Ukiona nimekosea mimi, niandikie, nitarudisha kila kitu. Ukiona umekosea wewe, pia niandikie.

Tima Abdulkadir

*

Kilungu,
20 Aprili 1977

Dada Tima,

Nimekosea mimi.

Barua yako ilifika Jumatatu. Sikula chakula cha mchana. Nilichukua bakuli la maji ya chumvi nikaweka ndani visahani viwili kati ya vile ulivyounga wewe, nikaviunga na mashine. Kalamu ilichora mstari ulionyooka kama barabara ya reli. Nikavitoa, nikaweka viwili nilivyounga mimi. Kalamu ilipanda ikagonga ukingo. Nikaweka kimoja chako na kimoja changu, ikawa mbaya zaidi. Bakuli halina ubongo, dada. Umeme ule wote ulikuwa unatoka kwenye lehemu yangu. Nilimpima Syokau nikawa nachora risasi na bati.

Nilimwita Dokta Ndolo nikamwonyesha. Akauliza, "Nani amegundua?" Nikamwambia, fundi wa Mwingi. Akasema, "Huyo fundi angekuwa hapa ningempa koti jeupe."

Jioni nilienda kwa akina Syokau, nikamwambia mbele ya mama yake kwamba kosa halikuwa la kichwa chake, lilikuwa la mikono yangu. Mama yake alinikaribisha uji. Syokau alisema, "Basi tutarudia." Hakuuliza lingine.

Yale niliyoandika juu ya mkono na macho siwezi kuyafuta. Nilifundishwa mashine miezi saba nikafikiri kila mtu asiyefundishwa anajua kidogo kuliko mimi. Wewe ulikuwa umeniandikia jibu tangu barua ya kwanza, na mimi nikaliruka kwa sababu lilikuwa na habari za bangili na jasho. Naomba msamaha, kwako na kwa mzee, ingawa yeye hajui alitukanwa.

Visahani sita nimevirudisha kwa basi, nimekwangua lehemu yangu yote. Tafadhali viunge kwa njia yako.

Neno moja. Dokta anataka niandike ripoti ya kurasa mbili juu ya kuchagua vifaa vya kichwani, iende kwa kamati na kwa hospitali nyingine. Lazima iseme nani ametengeneza. Niandike jina gani?

Mbula

*

Mwingi,
2 Mei 1977

Dada Mbula,

Vimefika, nimeviunga, vimo kwenye kopo hili. Hiyo nguo iliyovifunga ni kanga yangu kuukuu, usiitupe.

Barua yako ya kuomba msamaha nayo sikumsomea baba. Sasa nina barua mbili chini ya mkeka. Nimekusamehe kabla ya kumaliza ukurasa wa kwanza, kwenye lile bakuli. Nilipenda sana lile bakuli. Ningekuwa na mashine ningefanya vivyo hivyo.

Kwenye ripoti andika Abdulkadir. Usinihurumie, nimefikiri. Ikisemwa huku kwamba binti ndiye anayefanya kazi, watu wataanza kuuliza tangu lini, kisha watauliza baba ana nini, na yeye hajawa tayari kuulizwa. Anatembea kutoka nyumbani mpaka dukani bila fimbo ili wasijue. Amehesabu hatua. Acha jina lake likae juu ya kazi hii, alinifundisha yeye.

Tima

*

Kilungu,
18 Juni 1977

Kwa Mzee Abdulkadir na nyumba yake yote.

Shikamoo Mzee. Barua hii naomba isomwe kwa sauti.

Mashine inabaki Kilungu.

Tarehe 3, wiki moja kabla ya kamati, nilimpima tena Mwalimu Syokau. Mlango ulifungwa, tulikuwa mimi, yeye na Dokta. Visahani kumi na viwili, kalamu nane, na hakuna hata moja iliyotangatanga. Alifumba macho, mawimbi yakaja. Nikamwambia apumue kwa nguvu dakika tatu. Katika dakika ya pili, kalamu mbili za upande wa kushoto ziliruka, zikachora miiba mikali, zikatulia, zikaruka tena. Zile za kulia zikaendelea kama kawaida. Dokta aliweka kidole kwenye karatasi akasema, "Hiki hapa." Syokau hakuanguka. Alifumbua macho akauliza tumeona nini, na Dokta akamwonyesha, mwiba baada ya mwiba, akamwambia hayo si mapepo na si kujifanya, huu ni ugonjwa wa kifafa, una vidonge, na watu wengi wanavimeza na kufanya kazi zao. Syokau alikiomba kile kipande cha karatasi. Alikishika kwa mikono miwili. Alisema, "Kumbe kinachoniangusha kilikuwa na umbo."

Amepewa vidonge na barua. Mkuu wa shule amekubali arudi muhula ujao. Wazazi wawili wamesema watahamisha watoto. Wengine wamenyamaza, na mmoja alimletea kuku.

Kamati ilikuja watu saba. Mwenyekiti, Bwana Kiilu, alisema haamini kitu chochote kinachosomwa na mtu aliyefundishwa kukisoma. Nikamwambia, "Basi keti, Mzee." Aliketi. Hana nywele, kwa hiyo kazi ilikuwa rahisi. Nikamwambia afumbe macho afikirie shamba lake. Kalamu zikaanza kuchora mawimbi. Nikamwambia afumbue, zikaacha. Alifumba mwenyewe bila kuambiwa, akafumbua, akafumba, kama Bwana Kiema wa jikoni, wazee wengine sita wakiwa wamesimama nyuma wakitazama. Mwishowe aliuliza, "Hivi visahani vimetoka Ulaya?" Nikajibu, "Vimetoka Mwingi." Akavigeuza mkononi muda mrefu. Halafu akasema iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, na kamati imkabidhi fundi cheti. Hospitali nyingine mbili zimeomba vyao.

Cheti nimekiweka ndani ya bahasha hii. Kimeandikwa kwa jina la Mzee Abdulkadir, Sonara, kama nilivyoelekezwa.

Wenu,
Mbula Ndeti

*

Mwingi,
30 Juni 1977

Kwa Bi Mbula Ndeti, Kilungu.

Marahaba mwanangu. Mimi ni Abdulkadir, safari hii mwenyewe. Nasema, na Tima anaandika. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitamka, asipunguze.

Barua yako ilisomwa kwa sauti kama ulivyoagiza, na cheti pia. Nikamwambia asome jina tena. Akasoma, "Abdulkadir, Sonara." Nikamuuliza, "Na lako liko wapi?" Ndipo akatoa zile barua mbili chini ya mkeka akanisomea. Ile uliyosema mkono umechoka na macho pia, usijali. Macho yamechoka kweli. Ulipatia nusu.

Cheti nakurudishia. Kina kosa la jina. Mimi sikutengeneza visahani hivyo. Nilimfundisha Tima kushika koleo akiwa na miaka tisa. Lakini kuisafisha fedha mara tatu sikumfundisha, mimi nilikuwa nasafisha mara moja nikaridhika. Kuulaza ukingo kwa sababu ya nywele za wanawake sikumfundisha. Na kukaa Mwingi akatambua kosa lililoko Kilungu, ndani ya mashine ambayo hajaiona, hilo sijui nani alimfundisha. Miaka arobaini nimefanya kazi hii, na baba yangu kabla yangu huko Lamu. Hakuna kati yetu aliyefanya kazi ikaingia ndani ya kichwa cha mtu na kumtoa kwenye aibu. Huyu amefanya. (Baba, haya yanatosha. Tima.) Hayatoshi. Andika.

Alinificha barua kwa ajili yangu, na mimi nilimficha yeye nyuma ya pazia miaka minne kwa ajili yangu. Wa kuona haya ni mimi. Pazia nimeling'oa Jumamosi, kwa mikono yangu, na fimbo nimeichukua. Nilichoka kuhesabu hatua.

Jana Bwana Musembi alileta bangili ya mke wake. Nikamwambia, "Mpe Tima, yeye ndiye sonara, mimi ni mpokeaji." Nikamwambia kama hataki, Kitui kuna mafundi. Alitoka. Nilimsikia akifika hotelini kwa Bi Esha, hapa jirani na duka, akaagiza chai, akawaeleza watu. Sijui walimwambia nini. Chai haikumaliza kupoa, akarudi na bangili.

Nataka cheti kingine, chenye jina kamili, Tima binti Abdulkadir. Herufi ziwe kubwa na zichimbwe kidogo kwenye karatasi, kama mnaweza, ili nizisome kwa kidole.

Na hospitali mbili zilizoomba waambie visahani vinakuja, ila viungo watuachie sisi.

Abdulkadir

Dada Mbula, hiyo sahihi ameiandika mwenyewe, imepanda mlima lakini ni yake. Nimeandika kila neno kama alivyosema, naona haya hata kuifunga bahasha. Yeye amekaa mlangoni kwenye jua, amegoma kuniacha niende posta. Anasema nimsomee tena, kuanzia pale kwenye kusafisha mara tatu.

Tima binti Abdulkadir